Gemu ya mazoezi inakataa kukuona? Anza na chumba, fundi baadaye

Wanaonipigia simu kuhusu hizi gemu za mazoezi karibu wote wanaanza na neno "imekufa". Ukifika kwao unakuta mashine nzima kabisa, ila jua la jioni limejaa sebuleni, kochi limebanwa hadi mbele ya tivii, na dada mwenyewe kavaa dera linaloburura chini, halafu lawama zote anabebeshwa kamera. Ukiipeleka mjini fundi ataifungua, ataipuliza vumbi, ataijaribu pale kwake na itafanya kazi vizuri tu, manake kwake hakuna dirisha lako wala kochi lako, utalipa halafu ukirudi nyumbani ni yale yale. Ndo maana mimi napanga hivi: umeme kwanza, kisha chumba, nguo, betri, setingi, na mashine yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa.

Na kabla ya yote ujue gemu yako inakuona kwa kutumia nini, sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Kinect, ile kamera ya Xbox, haikupi kitu cha kushika, inarusha mwanga wa infraredi ambao macho hayauoni na kupima mwili wako uko umbali gani. Wii inategemea rimoti iliyo mkononi mwako, na ile Balance Board ya kusimamia inapima uzito tu umeegemea wapi. Switch ikiwa na Ring Fit ina Joy-Con mbili, yaani rimoti zake ndogo, moja kwenye lile duara na moja kwenye paja, hizo hazikutazami hata kidogo, zinahisi mwendo. Miwani ya Quest nayo ina kamera zake zinazotazama kuta na fanicha zako ili ijue wewe umesimama wapi. Kwa hiyo giza ambalo Kinect ya Xbox 360 haijali, Quest inapotea humo kabisa, na jua ambalo Ring Fit haina habari nalo linapofusha Kinect.

"Haiwaki, au iliwaka mara moja ikatoa harufu"

Hii ndo inayoua mashine kweli, isome hata kama yako inawaka. Umeme wetu Uganda ni volti 240. Mashine zilizotumika zinazofika hapa zinatoka kila upande, nyingine Uingereza, nyingine Dubai, nyingine shemeji yako wa Boston kaibana katikati ya nguo kwenye sanduku akaja nayo Krismasi. Ya Uingereza haina neno, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Ya Marekani, kama ni Wii adapta imeandikwa 120V, na kama ni Xbox 360 lile tofali lake la umeme linaishia volti 127. Watu wananunua kile kiplagi cha kugeuza miguu wakidhani wamemaliza kazi, jamani kile kinabadilisha umbo la miguu tu, volti zinaingia zile zile 240 na unasikia pap.

Geuza adapta, soma palipoandikwa INPUT. Ikisema 100-240V chomeka bila wasiwasi, na adapta ya Switch iko hivo. Ikisema 120 peke yake una njia mbili, transfoma ya kushusha volti kutoka 240 hadi 110, au utafute adapta ya mashine hiyo hiyo lakini ya soko la Uingereza. Mimi nakushauri hiyo ya pili, kwa sababu Xbox 360 za mwanzo zinakula zaidi ya wati 150 na vile vitransfoma vidogo vya dukani haviwezi, vinapata moto hadi plastiki inalainika. Na kama adapta ya Wii imeshaungua usitupe mashine, mara nyingi kinachokufa ni adapta peke yake, tafuta ya Wii ya volti 220-240 inayotoa volti 12 na ampea 3.7 uone kama haitafufuka.

Tofali la Xbox 360 za zamani lina kitaa. Kijani maana yake inafanya kazi, rangi ya machungwa imelala, nyekundu imekataa. Ikiwa nyekundu ichomoe ukutani kabisa, iache ipoe nusu saa, halafu ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta na siyo kwenye ekstensheni inayobeba friji, pasi na chaja za familia nzima.

Halafu kuna huu umeme unaopanda na kushuka. Ukikatika, zima soketi, usisubiri urudi mashine ikiwa imechomekwa, sababu ile dakika ya kurudi ndo mbaya. Kile kidude cha kulinda friji kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme kinafaa kwa tivii na gemu pia. Wenye sola, angalieni inveta, zile za bei ya chini hazitoi wimbi safi na utasikia adapta inavuma na kupata joto, hapo bora ungoje umeme wa kawaida. Na tafadhali angalia Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kabla hujaanza, kuna watu wamelala na hofu kwamba Xbox imekufa kumbe yuniti zimeisha na jirani wa mita yake bado anaangalia mpira.

"Kinect haiwashi hata kitaa"

Kama console, yaani mashine yenyewe ya gemu, ni Xbox 360 ya mwanzo kabisa, ile nene, haina tundu la Kinect nyuma. Kinect yake inahitaji waya wa pekee unaogawanyika, upande mmoja USB upande mwingine plagi ya ukutani, na waya huo mara nyingi umebaki kwa mwenye mali wa kwanza. Xbox 360 S na E zina tundu lenyewe, unachomeka basi. Kinect ya 360 haiingii Xbox One na ya Xbox One haiingii 360, usikubali muuzaji akuambie "itaingia tu ssebo". Xbox One S na One X zinataka adapta ambayo Microsoft iliacha kuitengeneza 2018, miezi michache baada ya kuacha Kinect yenyewe, na Series X na Series S hazikubali Kinect kabisa, hata ufanye nini. Kwa hiyo ukinunua, nunua kitu kizima, console na Kinect na waya zake pamoja, na iwashwe mbele yako. Na diski pia muhimu, duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024, usitegemee kwamba utanunua gemu humo.

"Inaniona nusu, miguu haipo, mkono unaruka ovyo"

Hapa ndo penyewe. Kinect ya 360 inataka mtu mmoja asimame kama mita 1.8 kutoka kwenye sensa na watu wawili mita 2.4. Ukiwa na taili za sentimita 60 hesabu, taili tatu ni mtu mmoja, taili nne ni watu wawili. Taili za sentimita 30 ni sita na nane. Kama sakafu ni simenti tupu chukua godoro la futi sita, urefu wake ni hiyo mita 1.8 na kidogo, lilaze kuanzia chini ya tivii na pale linapoishia ndo pa kusimama. Usiende nyuma sana pia, ikifika mita tatu na nusu inaanza kubahatisha.

Sasa sebule zetu unazijua, seti ya makochi imezunguka ukuta mzima, meza ya kioo katikati, vistuli vimefichwa chini yake, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu. Hapo mita 1.8 iko wapi? Meza lazima itoke, siyo kusogezwa, itoke iende chumbani. Kioo kinarudisha ule mwanga vibaya na meza ikibaki mbele inakata miguu yako kuanzia magotini, na gemu isipoona miguu inaibuni, ndo unaona yule mtu wa kwenye skrini anapiga teke wakati wewe umetulia. Nyuma yako pia pawe na nafasi, ukisimama umegusa kochi Kinect inashindwa kujua kochi linaishia wapi na wewe unaanzia wapi, nimeona mahali mwanamume mzima kasomwa ana makalio ya mita moja kwa sababu ya mkono wa kochi, tulicheka hadi tukaacha mazoezi.

Sensa iwe juu kiasi gani? Kati ya sentimita 60 na mita 1.8 kutoka chini, katikati ya tivii, isimame juu ya kitu kisichotikisika. Kuiweka juu ya spika ya wufa ni kosa, bezi ikipiga picha inacheza. Na usiinamishe kichwa chake kwa mkono, ndani kuna mota ndogo inayokiinua na kukishusha yenyewe, ukiilazimisha meno yanavunjika na hapo sasa ndo itakuwa mbovu kweli.

Nguo. Gomesi, dera, kanzu, leso iliyofungwa kiunoni, vyote vinafanya miguu miwili iwe mmoja. Siyo swala la heshima, suruali pana ya trakisuti na fulana ndefu vinatosha na unajisitiri vizuri tu, shida ni kile kitambaa kinachofunika nafasi kati ya miguu. Kuna pia nguo nyeusi za aina fulani zinazomeza infraredi, mtu anavaa legingi mpya nyeusi na miguu inapotea, akivaa ya kijivu inarudi. Jaribu kubadilisha nguo kabla hujabadilisha mashine.

Watoto nao. Kinect ya 360 inaweza kugundua watu hadi sita lakini inawafuata vizuri wawili tu, na hao wengine wakipita mbele inaweza kukuacha wewe ikamfuata mtoto. Kama nyumba ina watoto wanne na binamu wamekuja likizo, ama uwape zamu ama ucheze wakilala. Vyandarua pia, hasa kwa wanaoishi chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, chandarua kinachopepea nyuma yako kinasomwa kama mtu anayesogea.

"Asubuhi sawa, jioni inakataa"

Ukisikia hivo usitafute kingine, ni jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na Kinect ya 360 inatumia infraredi hiyo hiyo kukupima, kwa hiyo jua likipiga sakafuni au likikupiga wewe mgongoni, vile vidoti vyake vinamezwa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la magharibi litakusumbua kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni Januari hadi Desemba, halitakuhurumia. Kile kipazia cheupe chepesi cha urembo hakizuii kitu, tundika shuka nzito au blanketi juu yake. Au hamishia tivii ukuta mwingine, siyo ule wa mbele ya dirisha, kama waya wa dishi unafika.

Balbu za zamani za moto nazo zinatoa infraredi, LED hazina shida hiyo. Na kama Kinect inakuona vizuri lakini haikutambui sura wala haikuingizi kwenye akaunti yako, hapo ni kinyume, chumba kina giza mno, mwili inauona hata gizani, sura ndo inataka mwanga. Kwenye setingi za 360 kuna Kinect Tuner, ifungue, inakuonyesha kile inachokiona yenyewe, ukiona doa kubwa tupu sakafuni ujue jua liko hapo.

"Mshale wa Wii unatetemeka au haupo"

Watu wengi wanadhani ile baa nyembamba ya juu ya tivii ndo inayokuona. Haioni chochote. Ni vitaa vya infraredi tu kila mwisho, kamera iko mbele ya rimoti. Ndo maana baa ya Wii ikifa unaweza kuijua bila fundi. Washa kamera ya simu, ya mbele ni bora sababu nyingi za nyuma zinachuja infraredi, iangalize baa Wii ikiwa imewaka. Ukiona vidoti vya zambarau baa ni nzima, usipoona waya umekatika mahali, na mara nyingi ni pale ulipobanwa na mguu wa meza ya tivii au panya kaonja. Unataka uhakika zaidi, weka mishumaa miwili mbele ya tivii, iachane kama sentimita 20, lenga na rimoti. Mshale ukirudi unanunua baa nyingine, kwisha. Usiiache mishumaa hapo ucheze nayo ndondi lakini, tafadhali.

Kwa sababu hiyo hiyo, mshumaa wa kweli, kioo kinachong'aa au dirisha lenye jua nyuma ya tivii vinaichanganya rimoti, inaona baa tatu badala ya moja. Ukisimama mita moja hadi tatu kutoka kwenye tivii iko sawa. Kama mshale upo ila unacheza cheza, nenda kwenye setingi za sensa upunguze au uongeze unyeti, na uangalie umeiambia kweli kwamba baa iko juu ya tivii au chini.

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe kwenye tivii ya zamani ya mgongo, Wii yako ni ya Marekani na tivii haielewi rangi za kule, ukihamia tivii yenye HDMI kile kikonveta cha kutoka Wii kwenda HDMI kinamaliza kesi. Na diski, Wii inachagua nchi, diski ya Marekani haichezi kwenye Wii ya Uingereza, hiyo siyo mikwaruzo hata uifute na dawa ya meno hadi kesho.

"Balance Board inaniambia nimeongezeka kilo nane tangu jana"

Pole, haujaongezeka. Board ina sensa nne, moja kwenye kila mguu wake, na zote zinataka sakafu ngumu iliyo sawa. Ukiiweka juu ya zulia nene tumbo lake linagusa zulia na zulia linabeba sehemu ya uzito, au inaegemea upande mmoja. Ilikuja na vimiguu vya kuongezea vya kuchomeka chini kwa ajili ya zulia, ukinunua iliyotumika vinakuwa vimepotea, basi iweke kwenye taili au simenti. Sakafu ya simenti iliyopasuka nayo inadanganya, sukuma board na kidole pembe zote nne, ikicheza kama meza ya kibanda cha chapati isogeze.

Usiikanyage kabla gemu haijakuambia. Ikiwashwa inajipima ikiwa tupu ili ijue sifuri iko wapi, ukiwa umeweka mguu juu au mtoto kaacha kikombe hapo, hesabu yote inaharibika. Mwisho wake ni kilo 150, mama na mtoto mgongoni hawatazidi hapo ila usiruke juu yake, siyo stepa ya jimu, wanasema kanyaga siyo ruka.

Inapotea katikati ya mchezo? Betri. Inakula betri nne za AA na zile za bei ya chini za dukani zinakufa haraka, chukua za alkalaini au za kuchaji. Ikikataa kuunganika kabisa fungua mfuniko wa betri kuna kibonyezo chekundu cha SYNC, na kwenye Wii yenyewe kiko ndani ya kimlango cha kadi ya SD, bonyeza vyote viwili karibu wakati mmoja.

"Mtoto kakaa kwenye kochi na gemu imempa nyota tano"

Hii siyo hitilafu. Just Dance, ile gemu ya kudansi, kwenye Wii au Switch inasoma mkono wenye rimoti tu, na kwenye simu ni hivo hivo inasoma simu. Miguu, kiuno, mkono wa kushoto, haina habari. Kwa hiyo mtu mjanja anatikisa kiwiko akiwa anakunywa soda na anakushinda wewe unayehema. Ukitaka gemu inayokubana, cheza Just Dance kwenye Kinect, ile inaangalia mwili mzima, au Ring Fit ambayo paja lisiposogea hauendi mbele. Vinginevyo jikubalie kwamba maksi ni za kufurahia tu na upime kwa jasho.

Kinyume chake pia kipo, unajituma na unapewa "mbaya". Kwanza angalia tivii. Tivii nyingi zinaichezea picha kabla ya kuitoa na hivo inachelewa, unacheza na muziki kumbe picha imeshabaki nyuma. Tafuta Game Mode kwenye setingi za tivii, iwashe. Na kama sauti inapita kwenye spika ya Bluetooth iache, sauti ya Bluetooth inachelewa, tumia waya. Wanaotumia simu kama rimoti kwenye Just Dance mpya, simu na console lazima ziwe kwenye waifai moja, na ile hali ya kuokoa betri ya simu izime, ndo inayoiua programu katikati ya wimbo.

Ring Fit: duara halisikii, au mtu wa kwenye skrini anakimbia mwenyewe

Joy-Con ya kulia inaingia kwenye duara, isukume hadi isikike tak, ikiwa imekaa nusu duara halisomwi. Wakati wa kuweka sawa shika duara kama gemu inavyokuonyesha na usiliminye, ukiliminya hapo linaamini kwamba huko ndo kupumzika na baadaye utaminya hadi mishipa itoke. Mkanda wa paja ni wa mguu wa kushoto, katikati ya paja, ukazwe vizuri. Kwenye kaptura za kuteleza unashuka hadi gotini na ndo unaona mhusika anasimama wakati wewe unakimbia. Vaa kitu cha pamba ndani yake.

Kama anakimbia mwenyewe wewe umekaa, weka Joy-Con mezani pametulia kabisa, nenda System Settings, Controllers and Sensors, halafu Calibrate Motion Controls, na pale pale kuna Update Controllers, fanya zote mbili. Usiifiche Switch nyuma ya tivii katikati ya mavyuma, Joy-Con zinaongea nayo kwa Bluetooth. Switch Lite haifai kwa hii bila kununua Joy-Con kando, na wenye Switch 2 mnahitaji Joy-Con za Switch ya kwanza.

Quest na miwani mingine

Hapa nitapita haraka, siyo wengi walio nayo. Inataka taa iwake, na nafasi ya mita mbili kwa mbili bila kioo kikubwa ukutani. Taa zikiwa zinapepesa nenda kwenye setingi za tracking uchague hezi 50, ndo za umeme wetu. Na usiiache kamwe dirishani lenzi zikitazama jua, hata dakika chache, zile lenzi zinakusanya jua na kuchoma skrini ya ndani, alama haifutiki.

"Magoti yanauma, landlord kanuna"

Watu watakucheka kwanza ukisema unafanya mazoezi kwa gemu. Uganda hii, kwa takwimu za WHO zilizotoka 2018, ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima ndo hawapati mazoezi ya kutosha, chini kuliko nchi nyingine zilizopimwa, watu wanalima, wanatembea, wanabeba maji. Wewe unayekaa ofisini Nakasero kutwa na kurudi Ntinda na boda ndo umo humo kwenye 5.5. WHO inataka angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, nusu saa siku tano inatosha.

Goti likiuma angalia chini kabla hujalaumu umri. Taili ni ngumu na ukitoa jasho zinateleza, soksi juu ya taili ni mbaya kuliko vyote. Mwaka 2020 wakati wa lockdown Rais Museveni alitoa video akifanya mazoezi ofisini kwake pekupeku na pushapu 30 juu yake, na pekupeku siyo vibaya kama chini pana zulia lisilosogea. Kwenye taili vaa raba, au tandika mkeka wa povu, mkeka wa kawaida wa ukindu utaondoka na wewe. Ila kwenye Balance Board vua viatu. Na kamba ya rimoti vaa mkononi kila mara, mwaka 2006 Wii ilipotoka watu walirusha rimoti hadi kwenye tivii na Nintendo ikabidi ibadilishe kamba kama milioni 3.2.

Anayeishi ghorofani, Ring Fit ina hali ya ukimya, badala ya kukimbia unakunja magoti, haigongi kitu chini. Inachoma mapaja kuliko kukimbia, ujiandae. Kwa gemu nyingine cheza kabla ya saa mbili usiku na mwambie jirani wa chini mapema, akisikia kutoka kwako mwenyewe haendi kwa landlord.

Lini sasa ni fundi kweli

Umeshafunga pazia, umetoa meza, umebadilisha nguo na betri, na bado. Dalili za ubovu wa kweli ni chache. Kinect inakwaruza kichwani kila ikiwashwa, mota imekufa. Inazima baada ya dakika kumi ikiwa ya moto, feni yake ndogo imejaa lile vumbi jekundu letu au mende wamehamia humo, na mende wanapenda sana joto la console, msishangae. Balance Board inasoma pembe tatu tu hata kwenye sakafu nzuri, sensa moja imekatika. Joy-Con inakimbia hata baada ya kuiweka sawa, hapo ni ya kufunguliwa. Mwambie fundi dalili na yale ambayo umeshajaribu, usimwambie "angalia tu", na mbebee adapta na waya zake zote, bila adapta ya mashine hiyo ataiweka kwenye shelfu hadi utakaporudi nayo.